MALCOLM X: KIJANA WA MTAANI ALIYEIFIA HAKI



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.T), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W). Ama baad.

Jina la Malcolm X pengine umeliona kwenye fulana. Lakini muulize aliyeivaa fulana hiyo Malcolm alikuwa nani, na utaambiwa alikuwa mtu mweusi wa Marekani, mkali kwa wazungu. Basi, hapo hadithi inaisha. Mwezi huu wa toba ni vizuri tumjue zaidi, kwa sababu maisha yake yana mengi ya kutufunza sisi tunaokaa mitaa kama hii yetu.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, akaitwa Malcolm Little. Babake, Earl, alikuwa mhubiri wa Kikristo aliyewahimiza weusi wajitegemee, na kwa hilo alichukiwa na wazungu wabaguzi. Mwaka 1931 alikufa kwa kukanyagwa na tramu, na familia iliamini kuwa aliuawa. Mamake, Louise, alibaki na watoto wengi na njaa ndani ya nyumba mpaka akili zikamchoka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto wakagawanywa huku na huku. Unaona, ndugu yangu? Hadithi hii hata hapa Laini Saba unaweza kuisikia, ni majina tu yanabadilika.

Kijana akaishia barabarani, Boston na Harlem. Akauza bangi, akacheza kamari, akavunja nyumba za watu. Mwaka 1946, akiwa na miaka 20, akafungwa jela. Wengi wangesema huyo amekwisha. Lakini kule jela ndugu zake walimwandikia barua kuhusu dini, na yeye akaanza kusoma. Alichukua kamusi akainakili ukurasa kwa ukurasa, kuanzia herufi ya kwanza. Taa zikizimwa usiku, alisoma kwa mwangaza uliopenya kutoka kwenye korido. Wewe uliye na simu mkononi na maktaba mjini, hebu jiulize Ramadhan hii umesoma kurasa ngapi.

Alitoka mwaka 1952 akiwa mfuasi wa Nation of Islam, kundi la Elijah Muhammad. Hapa lazima tuseme ukweli. Kundi hilo liliwatoa vijana wengi kwenye pombe na madawa, na hilo ni zuri. Lakini lilifundisha kuwa mzungu ni shetani kwa maumbile, na kuwa Elijah ni mjumbe wa Mungu. Sisi tunajua hakuna Mtume baada ya Muhammad (S.A.W). Malcolm aliyahubiri mafundisho hayo kwa miaka kama kumi na mbili, na hakuna aliyemshinda kwa kuzungumza.

Tarehe 22 Novemba 1963 Rais Kennedy aliuawa kwa risasi mjini Dallas, na Marekani yote ikalia. Malcolm akatoa maneno yaliyoonyesha kuwa nchi hiyo imevuna ilichopanda, na kiongozi wake akamnyamazisha kwa siku 90. Wakati huo pia alikuwa amejua kuwa kiongozi huyo amezaa nje ya ndoa na wasichana waliokuwa makarani wake. Mwezi Machi 1964 akajitoa kundini.

Mwezi uliofuata, kwa pesa alizopewa na dadake Ella, akaenda kuhiji. Fikiria: huyu alikuwa mhubiri maarufu, lakini alipofika Jeddah alizuiliwa ili ichunguzwe kama ni Muislamu wa kweli, na hata kuswali sawasawa hakujua. Akajifunza upya kama mtoto wa chuo. Makka alikula sahani moja na Waislamu wenye ngozi nyeupe na macho ya buluu, akalala pamoja nao na kuswali nao safu moja. Akaandika barua nyumbani akieleza kuwa aliyoyaona yamemlazimisha kubadili fikra zake. Hakuacha kupinga dhuluma, bali aliacha kumhukumu mtu kwa rangi. Akarudi akiitwa El-Hajj Malik El-Shabazz.

Oktoba mwaka huohuo alifika kwetu. Alipita Zanzibar na Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere na Abdulrahman Babu. Hapa Nairobi, Kenya ikiwa haijamaliza hata mwaka mmoja wa uhuru, alikutana na Jaramogi Oginga Odinga na Pio Gama Pinto. Alitaka nchi za Afrika zipeleke dhuluma wanayofanyiwa weusi wa Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa.

Lakini maadui walikuwa wamemzunguka. Tarehe 14 Februari 1965 nyumba yake ilirushiwa mabomu ya petroli usiku, yeye na mkewe Betty na mabinti zao wanne wakiwa wamelala. Wakaokoka. Jumapili tarehe 21, wiki chache tu baada ya Idi, alisimama kuhutubia ukumbi wa Audubon mjini New York. Alikuwa ndio kwanza ametoa salamu alipopigwa risasi mbele ya mkewe na watoto wake. Alikuwa na miaka 39. Betty alikuwa mjamzito wa mapacha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku tatu baadaye, tarehe 24, Pio Gama Pinto naye akauawa kwa risasi ndani ya gari lake, hapahapa Nairobi, mtaa wa Westlands.

Sasa sikiliza, kwa sababu damu ya mtu haiishii pale inapomwagika. Kwa kifo cha Malcolm watu watatu walifungwa. Mmoja alikiri, akaiambia mahakama kuwa wale wawili hawakuhusika. Hakusikizwa. Muhammad Aziz na Khalil Islam wakakaa jela takriban miaka 20 kila mmoja. Mwaka 2021 ndipo mahakama ilipowasafisha, baada ya kubainika kuwa polisi na FBI walificha ushahidi. Khalil alikuwa amekwisha kufa mwaka 2009. Na kwa kifo cha Pinto, kijana Kisilu Mutua alifungwa mpaka 2001, siku zote akisema hana hatia. Nani asiyejua kijana aliyeokotwa na askari kwa kuwa tu alikuwepo?

Ewe kijana, mambo mawili uyabebe. La kwanza, mlango wa toba haufungwi kwa aliyewahi kuiba wala aliyewahi kufungwa. Huyo jamaa unayempita kule reli ukimwona hafai, usimkatie tamaa. Mkaribishe futari.

La pili ni zito zaidi. Malcolm alipoona haki, aliifuata hata ilipomgharimu nyumba, marafiki na roho yake. Sisi mwaka 2007 na 2008 tuliona hapa Kibera jirani akimgeukia jirani kwa sababu ya kabila. Madrasa tumefundishwa kuwa hakuna mbora ila kwa taqwa, na msikitini tunasimama bega kwa bega. Je, tukishatoka na kuvaa viatu, tunabaki safu moja?

Allah amrehemu Malik, azikubali swaumu zetu, na atujaalie kuiona haki na kuifuata. Amin.

Wabillahi tawfiq.