Rabindranath Tagore na Nyumba ya Jorasanko

Katika mtaa wa Jorasanko, mjini Calcutta (siku hizi Kolkata), Bara Hindi, ipo nyumba kubwa yenye nyua na baraza nyingi. Humo alizaliwa Rabindranath Tagore tarehe 7 Mei, 1861. Wengi wamjua kuwa ndiye mtu wa kwanza wa Asia kupewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1913, na kwamba nyimbo za taifa za India na Bangladesh ni tungo zake. Mimi nataka kuieleza nyumba iliyomlea, kwani ilifanya kazi iliyozishinda shule nne. Naam, shule nne! Alizihama zote wala hakumaliza hata moja. (Walimu wetu wasiwe na wasiwasi: sina nia ya kumfuata katika hilo.)

Baba yake, Debendranath, alikuwa na watoto wengi, na Rabindranath alikuwa wa mwisho katika wale waliokua. Kaka zake wengi walioa wakabaki palepale. Dada zake kadhaa walioolewa walikaa humo pamoja na waume zao. Wajukuu wakazaliwa, hata wengine wakawa na umri mkubwa kuliko yeye. Jamaa yake mmoja aliyemzidi umri, Jyotiprakash, ndiye aliyemwita siku moja akamfundisha kutunga shairi la mizani kumi na nne kila mstari. Wakati huo Rabindranath alikuwa wa miaka saba au minane hivi. Sisi tuliozoea kuhesabu kumi na sita twaweza kuifahamu furaha yake.

Wako wasemao kuwa katika nyumba ya watu wengi mtoto husahauliwa. Neno hilo lina kweli yake. Mtoto huyu aliachwa sana mikononi mwa watumishi, na mmoja wao alikuwa akimchorea duara kwa chaki sakafuni na kumkataza kutoka, ili yeye mwenyewe aende zake. Mtoto alikaa ndani ya duara akitazama bwawa dirishani. Lakini msomaji na atazame yaliyotokea mwaka 1875. Mama yake alifariki, naye hajatimiza miaka kumi na minne. Baba yake alikuwa mtu wa safari, hasa za milima ya Himalaya. Katika nyumba ya watu watatu au wanne, malezi yangaliishia hapo. Jorasanko, shemeji yake Kadambari, mke wa kaka yake Jyotirindranath, aliwachukua watoto wale waliofiwa akawalisha na kuwatunza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bado kijana. Tena alisikiliza mashairi ya Rabindranath, na hakumsifu ovyo.

Kila mtu nyumbani alikuwa na lake la kumpa. Kaka yake Hemendranath alisimamia masomo, akashikilia kwamba watoto wasome kwanza kwa Kibengali, lugha ya mama yao. Kulikuwa na mieleka kabla ya jua kuchomoza, ndipo hesabu na mengine yakafuata. Jyotirindranath alibuni sauti mpya kwa piano, na Rabindranath alikaa karibu akizitia maneno. Dada yao Swarnakumari alikuwa mwandishi wa riwaya. Mwaka 1877 jamaa hao walianzisha gazeti lao, Bharati, na kijana wetu, wa miaka kumi na sita, akapata mahali pa kuchapisha maandishi yake. Mwaka 1881 mchezo wake wa nyimbo, Valmiki Pratibha, ulichezwa nyumbani humo. Yeye aliigiza Valmiki, na Pratibha, binti wa Hemendranath, akawa mungu wa kike Saraswati. Wachezaji, wapigaji na watazamaji wengi walitoka chini ya dari moja.

Kadambari alifariki mwaka 1884, na huzuni hiyo haikumtoka Rabindranath maisha yake yote.

Mwaka 1901 alifungua shule huko Santiniketan, ikaanza na wanafunzi watano tu, mwanawe akiwa mmojawapo. Walimu na wanafunzi waliishi pamoja, na masomo yalifanywa chini ya miti. Mwaka uliofuata mke wake alifariki, lakini shule haikufungwa. Huko ndiko alikokaa sana uzeeni. Mwezi wa Julai, 1941, alipokuwa mgonjwa sana, walimrudisha Jorasanko, naye akafariki tarehe 7 Agosti katika nyumba ileile aliyozaliwa, mwenye umri wa miaka themanini.