Ngumba: Kibao cha Mtaa si Hukumu

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kwa kanuni hiyo nampima marehemu Andrew Ngumba, aliyekuwa Meya wa Nairobi tangu 1977 hadi 1980.

Baada ya kutoka City Hall, alichaguliwa Mbunge wa Mathare mwaka 1983. Lakini kampuni yake ya fedha, Rural Urban Credit Finance, ilianguka mwaka 1984, na walioiamini wakaachwa wakihangaikia akiba zao. Mwenyewe alikimbilia Uswidi. Baadaye akarejea nchini, na mwaka 1997 akaaga dunia.

Wadhifa wa meya jijini ulikoma mwaka 2013, ila jina lake lingali katika mtaa wa Ngumba, kando ya Barabara ya Thika. Sioni haja ya kulifuta. Hata hivyo, nyumba huonekana na kila mpita njia, ilhali akiba iliyopotea haina kibao. Hivyo basi, walimu wenzangu, tunapowasimulia wanafunzi habari za mameya wetu, tusiwasomee vibao pekee. Tuwafundishe kuuliza pia nani alijengewa, na nani alipoteza.