Rao Bin: Meya aliyetwikwa kiwanda cha malori

Lori kubwa halipiti vichochoro vya Mji wa Kale, kwa hivyo toka uende Makupa. Simama uangalie malori yanayotoka bandari ya Kilindini kuelekea bara. Hutakaa sana kabla ya kuona lenye herufi FAW usoni. Maana yake ni Kiwanda cha Kwanza cha Magari, na mkuu wake wa mwanzo alikuwa Rao Bin. Huenda hujamsikia, lakini Uchina humwita baba wa magari yao.

Alizaliwa 1913 mkoani Jilin. Usidhani alikuwa fundi. Alikuwa amewahi kuwa meya wa Harbin, kisha mwisho wa 1952 serikali ikamkabidhi kiwanda ambacho hakijajengwa, mjini Changchun. Hebu fikiria meya wa kwenu akiambiwa hivyo! Basi akarudi darasani kusomeshwa ufundi.

Ujenzi ulianza Julai 1953. Vijana sita walibeba jiwe la msingi, na mmoja wao, Li Lanqing, baadaye alikuwa naibu waziri mkuu. Mamia walipelekwa Moscow kujifunza, akiwemo Jiang Zemin, yule aliyekuja kuwa rais. Michoro na mitambo ilitoka kwa Wasovieti. Julai 1956 lori la kwanza likatoka: Jiefang, yaani Ukombozi, la tani nne.

Sisi nasi tulijaribu. Rais Moi alitaka gari la Kenya 1986, Nyayo Pioneer ikaonyeshwa 1990, lakini haikufika sokoni.

Ila usiwaonee gere haraka. Faida ya kiwanda cha Changchun ilichukuliwa na serikali, hakikubakiwa na pesa za kubuni kipya. Lori likawa lile lile karibu miaka 30! Rao Bin mwenyewe alikuwa ametumwa milima ya Hubei kujenga kiwanda cha pili, akadhalilishwa hadharani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kisha akarudishwa kazini. Miaka ya 80, akiongoza shirika la magari la taifa, aliunga mkono ubia na Volkswagen mjini Shanghai. Magari madogo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi.

Julai 1987 alirudi Changchun, Jiefang mpya ilipozinduliwa. Aliwaambia wafanyakazi kwamba uzee umemfika, hataweza kujenga nao kiwanda cha magari madogo, ila yuko radhi alale chini awe daraja, wapite juu yake. Machozi yalimtoka. Mwezi uliofuata akafariki Shanghai.