Nyerere Darasani: Kutoka Tabora hadi Pugu

Lakabu ya Mwalimu imemganda Julius Kambarage Nyerere kiasi kwamba wengi husahau kuwa, kabla ya kuwa heshima, ilikuwa kazi ya kumpatia riziki. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Musoma na Tabora, kisha akajiunga na Chuo cha Makerere mwaka 1943. Huko alihitimu stashahada ya ualimu, wala si shahada. Makerere ilikuwa haijaanza kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London.

Aliporejea Tabora alitakiwa na shule mbili. Ile ya serikali ilikuwa na mshahara mnono zaidi. Nyerere akachagua St. Mary's, shule ya wamisionari, akafundisha huko hadi mwaka 1949 alipopata ufadhili wa kwenda Edinburgh. Shahada aliyotunukiwa mwaka 1952 huitwa ya uzamili, jina linaloweza kutuchanganya sisi tunaoisotea uzamili yetu. Kwa desturi ya Uskoti, hiyo ndiyo shahada ya kwanza katika masomo ya sanaa. Alisoma fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi na falsafa.

Aliajiriwa Pugu, karibu na Dar es Salaam, kufundisha historia, Kiingereza na Kiswahili. Siku za mapumziko alikwenda mjini kwa shughuli za chama. TANU ikazaliwa Julai 1954. Machi 1955 alihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi wakuu wa shule, waliokuwa wakishinikizwa na serikali ya kikoloni, walimtaka achague: chaki au siasa. Alikuwa na mke na watoto, na chama hakikuwa na uwezo wa kumlipa. Akajiuzulu.

Alirudi kwao, na huko akapata kibarua ambacho wanaisimu hatuna budi kukikumbuka: alimfundisha padre Mmarekani lugha ya Kizanaki.

Hata alipokuwa rais hakuiacha kalamu ya kusahihishia. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963. Hakuridhika nayo. Aliipitia upya, akarekebisha makosa yake mwenyewe, na Juliasi Kaizari ikachapishwa mwaka 1969, sambamba na Mabepari wa Venisi.