Florence Wilson, mjane aliyeunganisha miji yetu kwa ndege

Kwa miaka mingi ndege za miraa kwenda Somalia zimeruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Wafanyabiashara wengi wanaoutumia hawajui kuwa jina hilo ni la mwanamke.

Florence Kerr Wilson alikuwa mjane wa mlowezi tajiri nchini Kenya. Mwaka 1929 alitoa mtaji na kuanzisha Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black. Walianza na ndege moja, Gipsy Moth. Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza kuleta barua katika miaka ya 1930, kampuni ya Bibi Wilson ilizipeleka hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilichukua ndege na marubani wake. Kampuni ikafa.

Mwaka 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha East African Airways kwa ndege sita ndogo za de Havilland. Baadaye shirika hilo lilirusha Super VC10 hadi London. Hata hivyo, lilivunjika mwaka 1977 kufuatia ugomvi wa madeni baina ya nchi wanachama, kila moja ikabaki na shirika lake.

Uwanja ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Kampuni yake iliuawa na vita. Shirika la pamoja liliuawa na wenyewe kwa kushindwa kulipana.