Ira Aldridge: Jamaa Mweusi Aliyefungiwa Jukwaa London, Akaenda Kuteka Ulaya

Siku ukiomoka upate visa ya Uingereza, tunajua kwenye utaanzia: Big Ben, uwanja wa timu yako, mapicha kibao za kuringishia mabeste. Poa. Lakini tenga siku moja ya kumbi za maigizo, juu kuna msee wa rangi yako alipita huko karibu miaka 200 iliyopita, na stori yake ni moto. Anaitwa Ira Aldridge.

Ira alizaliwa New York mwaka wa 1807. Hakuwa mtumwa, lakini watu weusi wengi Marekani bado walikuwa. Alisoma shule ya watoto weusi, kisha akaanza kuigiza na kikundi cha weusi kilichokuwa na ukumbi wake mjini. Kikundi hicho kilihangaishwa na wazungu hadi kikazima. Dogo akaona hapa hakuna maisha. 1824 akapanda meli, akavuka bahari hadi Uingereza.

Sasa shuka stesheni ya Waterloo, London, utembee dakika chache. Utakutana na Old Vic, ukumbi uliofunguliwa 1818. Enzi hizo uliitwa Royal Coburg. Hapo ndipo Ira alipanda jukwaani 1825, akiwa na miaka 18, kama mwigizaji mkuu. Miaka 18 buda! Wewe ulikuwa unangoja matokeo ya KCSE.

Halafu fika Coventry. 1828 Ira alipewa kusimamia ukumbi wa maigizo wa mji huo, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi kama hiyo Uingereza. Alikuwa na mazoea ya kuongea na watazamaji kuhusu ubaya wa utumwa, na wakazi wa Coventry walituma ombi bungeni wakitaka ukomeshwe. Ukumbi wenyewe haupo, lakini tangu 2017 kuna bamba la kumkumbuka hapo katikati ya maduka. Unaweza kulipita ukitafuta viatu.

Rudi London, eneo la Covent Garden, kwenye Royal Opera House. Hapa ndipo stori inauma. Machi 1833, Edmund Kean, staa mkubwa wa wakati huo, alianguka jukwaani akicheza Othello. Othello ni jenerali mweusi, lakini kwa kawaida alichezwa na wazungu waliojipaka rangi. Aprili, Ira akaitwa kuchukua nafasi. Wazia hiyo pressure: bunge linajadili kukomesha utumwa, matajiri wanaopata doo kutokana na watumwa wamekasirika, na wewe mweusi unasimama kwenye mojawapo ya majukwaa makubwa zaidi nchini.

Watazamaji walimpigia makofi. Magazeti mengine yalimrarua, na shida yao kubwa ilikuwa ngozi yake. Alicheza mara mbili tu, mlango ukafungwa. Jengo hilo liliungua 1856, na lile unaloliona leo ni la 1858. Kwa hivyo ukiingia, usitafute mbao alizokanyaga. Zilienda na moto.

Wengi wangerudi nyumbani. Ira alihustle miaka mingi kwenye miji midogo ya Uingereza, Scotland na Ireland, kisha 1852 akavuka kwenda bara Ulaya. Huko mambo yalibadilika. Aliigiza kwa Kiingereza huku wenzake wakijibu kwa Kijerumani ama Kirusi, na bado kumbi zilijaa. Mfalme wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu. 1858 alifika St. Petersburg, Urusi ikamshangilia. Na cheki hii: wazungu walikuwa wanajipaka weusi kucheza Othello, yeye akajipaka weupe akacheza Macbeth, Shylock na King Lear.

1863 akawa raia wa Uingereza. Miaka minne baadaye alienda Łódź, mji wa viwanda vya vitambaa Poland, kwa kazi ileile. Aliugua, akafariki huko tarehe 7 Agosti 1867, akiwa na miaka 60. Kaburi lake bado lipo kwenye makaburi ya zamani ya Waprotestanti, na linatunzwa. Uingereza nayo ilikuja kumkubali: ni mmoja wa waigizaji 33 waliowekewa bamba la shaba kwenye ukumbi wa Shakespeare kule Stratford, na ndiye Mmarekani mweusi pekee kati yao.

So ukiwa majuu na mtu akuangalie vibaya kwenye foleni ya opera, kama anajiuliza umepotea wapi, tulia. Onyesha tiketi yako, ingia, tafuta kiti. Kuna msee alikulipia hiyo njia kitambo.