Speke, aliyelipima ziwa letu kwa maji ya moto

Mmetuuliza mafundi wa siku hizi wanavyopima kitu kwa njia mbili pamoja: ncha ya chuma inayokigusa, na mwanga unaokipitia bila kukigusa. Sisi hapa Pasiansi tumemkumbuka John Hanning Speke, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1827, maana naye alisafiri na vyombo vya aina hizo mbili.

Mwaka 1857 aliondoka pwani na Richard Burton, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuja baadaye kuwa kiongozi wa misafara na ambaye hasifiwi inavyostahili. Walipofika Ziwa Tanganyika, Speke aliumwa macho hata hakuliona vizuri. Baadaye Burton akabaki Tabora akiugua. Speke akaja huku, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa letu akiwa Mwanza.

Chombo chake cha kugusa kilikuwa kipimajoto. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda juu, uzito wa hewa hupungua na maji huchemka mapema. Sufuria yako hapa Mwanza huchemka kwenye nyuzi kama 96. Cha kutazamia kilikuwa sekstanti, kinachopima pembe ya jua au nyota ili ujue umefika wapi kaskazini au kusini. Kimoja kilimpa kimo, kingine mahali.

Kwa maji ya moto alipata futi 3,700 na ushei. Leo tunajua ziwa liko mita 1,134, yaani futi 3,720. Si haba! Kimo hicho kilimpa hoja: ziwa liko juu kuliko Tanganyika, basi huenda Mto Nile unatoka hapa.

Urefu hakuupima. Mtu mmoja aliyemuuliza alitupa mkono wa kulia kuelekea kaskazini, akialisha vidole tena na tena kuonyesha kwamba hakuna mwisho. Speke akaridhika. Kwetu sisi, hapo ndipo alipojitia matatani, ingawa alikuwa sahihi. Burton alikataa kabisa, na urafiki ukafa.

Mwaka 1862 Speke aliuona Nile ukitoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, lakini bado hakuwa amelizunguka ziwa. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Burton mbele ya wanajiografia mjini Bath, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda. Alikuwa na miaka 37.

Mwaka 1875 Henry Stanley alitweka tanga kutoka Kageye, mashariki ya Mwanza, akalizunguka lote. Akakuta ni ziwa moja.